Kanieneo husafirije ndani ya kimiminika kilichotulia?

Kaa karibu na gereji yoyote pale Mwanga, Kigoma mjini, na haitapita siku kabla hujaona kijana mwembamba akiinua Fuso lenye madumu ya mawese. Anachuchumaa, anasukuma jeki ya mafuta chini ya ekseli, anachomeka mpini, anaanza kupampu. Muda si mrefu tairi linaachana na ardhi. Ukiuliza nguvu hiyo imetoka wapi utaambiwa, "Ni hayo mafuta ya ndani." Jibu hilo linakaribia ukweli, ila linaficha jambo lenyewe. Mafuta hayaongezi nguvu yoyote. Kazi yake ni kupeleka kanieneo, na kanieneo na kani ni vitu viwili.

Kani ni msukumo au mvuto, nayo hupimwa kwa nyutoni. Kanieneo ni kani hiyo ikigawanywa kwa eneo inalolikandamiza. Nyutoni moja juu ya mita moja ya mraba ni paskali moja. Kisu chenye makali hupasua samaki kama mgebuka kwa wepesi kwa kuwa makali yake yanagusa eneo dogo mno. Mkono uleule ukishika kisu butu, utahangaika. Mtaani tunasema presha, na wengine huandika mgandamizo au shinikizo. Mimi napenda kanieneo, kwa sababu neno lenyewe limebeba ufafanuzi wake.

Jina la paskali linatokana na Blaise Pascal, Mfaransa aliyezaliwa mwaka 1623. Maandishi yake kuhusu msawazo wa vimiminika yalichapishwa 1663, mwaka mmoja baada ya kufariki. Kanuni yake ni hii: kanieneo ikiongezwa mahali popote katika giligili iliyofungiwa na iliyotulia, ongezeko hilo hufika kila sehemu ya giligili na kila upande wa chombo bila kupungua. Giligili ni jina linalojumlisha vimiminika na gesi.

Unaweza kulijaribu nyumbani. Chukua chupa ya plastiki ya maji, toboa matundu kwa sindano kuizunguka, yote kwa kimo kimoja. Ijaze mpaka juu, funga kifuniko, kisha iminye kwa dole gumba upande mmoja tu. Maji yatachuruzika kwa nguvu kutoka matundu yote, hata yale yaliyo nyuma ya mkono wako. Ukisukuma tofali, kani huenda kule ulikosukumia. Maji yaliyofungiwa hayafuati mwelekeo wa kidole.

Sababu iko katika tabia ya kimiminika. Chembe zake huteleza zenyewe kwa zenyewe, hazishikani kama za tofali. Tukiacha uzito wa maji pembeni kwa sasa, upande mmoja ukiminywa kuliko mwingine chembe zitahama kuelekea palipo na nafuu, na kuhama huko kutaendelea mpaka pande zote zilingane. Tukisema maji yametulia, maana yake kulingana huko kumeshakamilika. Habari hii husafiri kwa kasi ya sauti, ambayo ndani ya maji ni kama mita 1,500 kwa sekunde, ndiyo maana kwa macho yetu huonekana papo hapo.

Turudi kwenye jeki, maana hapo ndipo hesabu inaponoga. Mafuta yake yamefungiwa kati ya pistoni mbili, yaani vizibo vinavyoteleza ndani ya silinda: ndogo inayosukumwa na mpini, na kubwa inayoinua gari. Chukulia pistoni ndogo ina eneo la sentimita 1 ya mraba, na kubwa sentimita 10 za mraba. Kijana anabonyeza mpini kwa nyutoni 100, sawa na uzito wa kilo 10 hivi. Mpini ni wenzo, yaani fimbo ya kuzidishia kani; tuseme unazidisha mara 15, kwa hiyo pistoni ndogo inasukumwa kwa nyutoni 1,500. Kanieneo ndani ya mafuta inakuwa paskali milioni 15. Inafika chini ya pistoni kubwa ikiwa vilevile, ila huko inakuta eneo mara kumi. Kani inayoinua inakuwa nyutoni 15,000, uzito wa tani moja na nusu.

Gharama ipo, na hulipwa kwa mwendo. Ili pistoni kubwa ipande sentimita 10, ile ndogo lazima isukume mafuta kwa jumla ya mita moja nzima. Kama kila pampu ni sentimita 2, basi ni pampu 50. Kijana hajapata kazi ya bure. Ameigawa vipande vidogo ambavyo mkono wake unaviweza.

Breki za gari hutumia kanuni ileile. Dereva anayeteremka kutoka Mwanga kwenda stesheni anakanyaga pedali mara moja, na kanieneo inafika kwenye magurudumu yote kupitia mabomba membamba yaliyopinda huku na kule. Kupinda hakuidhoofishi. Kinachoua breki ni upepo kuingia kwenye oili, na hapa watu wengi hukosea maelezo. Si kwamba hewa haipeleki kanieneo, inaipeleka. Tatizo ni kwamba hewa hubonyea. Mguu unashuka, safari yote ya pedali inaishia kuibana hewa, na kanieneo haipandi vya kutosha kubana diski. Fundi akisema anatoa upepo, anarudisha kimiminika kisichobonyea kirahisi. Tafadhali usiteremke mlima na pedali laini ukitumaini itajirekebisha.

Neno "kilichotulia" nalo lisipuuzwe. Bomba la nyumbani likifungwa, kanieneo yake hutokana na kimo cha tanki. Majirani wakifungua yao, maji hutembea, msuguano wa kuta za bomba hula sehemu ya kanieneo, na wewe wa mwisho wa mstari unabaki na uzi wa maji.

Neno jingine la kushika ni "ongezeko". Pascal hakusema kanieneo ni sawa kila mahali. Ndani ya Ziwa Tanganyika, kila mita unayozama huongeza takriban paskali 9,800, kwa sababu ya uzito wa maji yaliyo juu yako. Uso wa ziwa uko kama mita 770 juu ya usawa wa bahari, na hewa hapo hukandamiza kwa paskali 92,000 hivi. Hewa inagusa uso tu, lakini mchango wake unafika mpaka chini bila kupungua, unajumlishwa na uzito wa maji. Mzamiaji aliye mita 10 chini anabeba karibu paskali 190,000.

Kina kikubwa zaidi cha ziwa hili ni kama mita 1,470. Piga hesabu: maji peke yake yanatoa paskali zaidi ya milioni 14 kule chini. Hiyo ni karibu sawa na kanieneo iliyomo kwenye jeki ya yule kijana wa Mwanga, wakati anabonyeza mpini kwa uzito wa nusu ndoo ya maji.