Kujaza petroli alfajiri hakukupi kilomita za bure

Likizo ikikaribia, ujumbe uleule huzunguka kwenye magrupu ya Mombasa: ukielekea Tsavo na gari la petroli la 4x4, jaza tangi kabla jua halijachomoza, utafika mbali zaidi.

Kuna chembe ya ukweli, na ndiyo inayopoteza watu. Petroli hupanuka ikipata joto, takriban asilimia 0.1 kwa kila nyuzi 1 ya Selsiasi. Lakini matangi ya vituo huzikwa ardhini, ambako joto la mchana halibadilishi mambo sana. Hata tukikubali tofauti ya nyuzi 2, tangi la lita 80 litapata nyongeza ya lita 0.16. Kwa gari linalokwenda kilomita 6 kwa lita, hiyo ni kilomita 1 hivi. Mzigo juu ya paa na mchanga hula zaidi ya hapo. Tena aliyejaza alfajiri hupita Changamwe kabla ya foleni ya malori, kisha sifa zote huenda kwa pampu!

Pima mwenyewe: jaza hadi pampu ijikate, andika kilomita, safiri, ujaze tena vivyo hivyo, kisha ugawanye kilomita ulizokwenda kwa lita ulizoongeza.

Ujumbe huo ukikufikia, tafadhali usiusambaze. Kuna atakayeuamini na kuacha jerikeni ya akiba nyumbani.