Shakwe masizi ni ndege gani?

Shakwe masizi ni shakwe wa bahari ya joto, mwenye rangi ya kahawia iliyokolea badala ya ule weupe tuliouzoea kwa shakwe wengine. Kwao ni Bahari ya Shamu, Ghuba ya Aden, pwani ya Oman hadi Pakistani, na upande wetu kuanzia Somalia hadi kaskazini mwa pwani ya Kenya. Tanzania hufika kutafuta riziki tu. Jina lake la kisayansi, Ichthyaetus hemprichii, linamkumbuka Wilhelm Hemprich, mtafiti wa Kijerumani aliyefariki kwa homa mjini Massawa mwaka 1825.

Ana urefu wa sentimita 42 hadi 45. Kichwa mpaka kifuani ni kahawia ya giza, shingoni nyuma ana ukosi mweupe, na juu ya jicho kuna alama nyeupe yenye umbo la hilali. Tumbo na mkia ni vyeupe. Lakini ukitaka kumjua bila kubahatisha, tazama mdomo: mrefu, mnene, wa manjano inayoelekea kijani, una mkanda mweusi karibu na ncha, na ncha yenyewe ni nyekundu. Hakuna shakwe mwingine wa pwani yetu mwenye mdomo wa namna hiyo. Wachanga ndio wanaosumbua, kwa sababu mdomo wao ni wa kijivu wenye ncha nyeusi, na huwachukua miaka miwili mitatu kupata sura ya wakubwa.

Madikoni humkosi. Wavuvi wakipasua samaki yeye yupo, anagombea matumbo na kunguru. Maji ya bahari huyanywa bila shida: ana tezi juu ya macho zinazochuja chumvi, na ukimwangalia kwa karibu utaona tone likitoka puani, likiteremka mdomoni na kudondoka.

Kinachonistaajabisha zaidi ni majira yake ya kuzaa. Yeye hufuata kusi. Upepo huo ukishika nguvu husukuma maji ya juu yaondoke pwani za Somalia na Oman, na maji baridi yenye rutuba hupanda kutoka vilindini. Viumbe vidogo vya majini hustawi, dagaa huongezeka, ndege nao hushiba. Ndiyo maana visiwa vidogo vya Kiunga, huko Lamu, hujaa shakwe na buabua, ndege wengine wa bahari, katika miezi ileile ambayo wavuvi wengi wamepandisha vyombo pwani kwa kuchafuka kwa bahari.

Kiota chake ni kishimo tu ardhini, aghalabu chini ya kichaka au jiwe, chenye yai moja hadi matatu. Kivuli ni jambo la uhai hapo, maana jua la mchana laweza kuliua yai lililoachwa wazi. Buabua ni majirani zake, na mayai na makinda yao ni chakula chake pia. Hilo ni la maumbile, na buabua wakilalia mayai yao hupona wengi. Tatizo ni mtu anaposhuka kisiwani kuokota mayai. Buabua wote huruka, shakwe hutua papo hapo, na yasiyoliwa huivishwa na jua. Kuanzia Juni hadi Oktoba, visiwa hivyo vipitwe kwa mbali.