Ujuzi Ambao Fundi Mwenyewe Hawezi Kuueleza

Mwaka 1966 Michael Polanyi, mwanasayansi mzaliwa wa Hungaria aliyegeukia falsafa, aliandika kwamba mtu hujua mengi kuliko anayoweza kuyasema. Kwetu sisi tunaoandaa mitaala, kauli hiyo ni ya kukera kidogo, kwa kuwa mtaala huandikwa kwa maneno.

Chukueni mfano wa olubugo, kitambaa cha gome ambacho mafundi wa ukoo wa Ngonge wamekitengenezea ufalme wa Buganda tangu zamani, na ambacho utengenezaji wake umo katika orodha ya UNESCO ya urithi wa utamaduni tangu mwaka 2008. Hatua zake zinajulikana: gome la ndani la mti wa mutuba hubanduliwa wakati wa mvua, shina lililobaki wazi hufungwa majani ya mgomba, kisha gome hupondwa bandani kwa nyundo za mbao zenye mifuo, kuanzia ile ya mifuo mipana hadi ile ya mifuo myembamba. Yote hayo yanaenea katika ukurasa mmoja. Lakini nilipomwuliza mzee mmoja anajuaje kwamba wakati wa kubadili nyundo umefika, alinitazama kana kwamba nimemwuliza anapumuaje, akajibu, "Gome lenyewe linakuambia, mwalimu."

Hakuwa akinificha kitu, ingawa siri za ukoo nazo zipo. Swali langu ndilo lililokuwa baya. Gary Klein, mwanasaikolojia wa Marekani aliyechunguza maamuzi ya makamanda wa zimamoto katika miaka ya 1980, aliwaomba wasimulie tukio moja gumu, kisha wakalipitia upya hatua kwa hatua: uliona nini, ulisikia nini, mgeni wa kazi angekosea wapi? Basi nikamwomba mzee anisimulie gome lililomharibikia. Maneno yakamtoka: pembe zilikuwa zimeanza kukauka, mlio wa nyundo ukawa mkali badala ya mzito, naye kwa haraka zake akaendelea hadi likachanika. Siku mbili nzima nilizokaa naye hakuwa ameutaja mlio.

Katika kufundisha, mwanagenzi aamue kwanza kama nyundo ibadilishwe, atoe na sababu, kabla fundi hajasema lake. Somo limo katika tofauti ya majibu hayo mawili. Video husaidia pia, mradi fundi aitazame baadaye, aisimamishe mwenyewe pale alipobadili nyundo, na aeleze alichokisikia muda mfupi kabla.