Rangi imekwenda wapi? Utafiti wa kwanza katika uhandisi kemikali

Wanafunzi wa shahada ya kwanza wanaoomba kufanya utafiti nami hufika na mambo makubwa: kichocheo kipya, mafuta ya mwani, plastiki inayooza. Mimi huwapa bika (gilasi ya maabara), rangi na kaboni amilifu, yaani mkaa wenye vitundu vingi vya kunasa vitu. Wengine hununa.

Maabara za kozi zimewazoeza majibu yanayojulikana. Katika jaribio la Reynolds, kila mtu ameshasoma kwamba mtiririko tulivu ndani ya bomba huanza kuvurugika namba ya Reynolds (kipimo kinacholinganisha msukumo wa mtiririko na mnato wake) inapopita 2100 hivi, na (ajabu!) ripoti zote hutoka na 2100. Kwenye utafiti hakuna wa kunakili kwake. Kuwashirikisha mapema si wazo geni, chuo kikuu cha MIT cha Marekani kina mpango wake tangu 1969, lakini ukimfungulia mwanafunzi mlango wa maabara bila kumfundisha kuzishuku namba zake, umepata muosha vyombo tu.

Chukua mililita 200 za maji yenye rangi iitwayo methilini buluu, miligramu 100 kwa lita. Hapo pana miligramu 20 za rangi. Mwanafunzi anatia kaboni, anakoroga, anachuja, anapima: zimebaki miligramu 40 kwa lita, yaani miligramu 8. Anaandika mbiombio kwamba kaboni imenasa asilimia 60.

Nani kasema ni kaboni? Alichopima ni rangi iliyobaki majini, si iliyonaswa. Hapa ndipo urari wa masi unapoanza kuuma: kilichoingia lazima kionekane mahali. Namwambia arudie hatua zote bila kaboni. Tuseme safari hii zinabaki miligramu 90 kwa lita. Miligramu 2 zimekwenda wapi? Rangi hii hupenda kunata kwenye kioo na kwenye karatasi ya kuchujia. Tena, je, aliizimua sampuli kabla ya kupima? Rangi ikikolea mno, spektrofotometa (kifaa kinachopima rangi kwa mwanga inaoufyonza) huacha kufuata sheria ya Beer-Lambert, isemayo kwamba ufyonzaji wa mwanga huongezeka sawia na ukolezi, na kusoma pungufu ya kilichomo.

Kwangu mimi, bango la utafiti lisilo na jaribio hilo la bila kaboni halistahili kubandikwa, hata grafu zake zikipendeza vipi. Atakayetenganisha kwa mashine ya kuzungusha sampuli badala ya kuchuja ataiondolea karatasi lawama. Kioo bado ni mshukiwa.