Faida inayopungua: bunduki ya bei ghali inakuongezea nini?

Mkulima wa mahindi wa Njoro au Rongai anaijua dhana hii hata kama hajawahi kuisikia ikitajwa. Mfuko wa kwanza wa mbolea kwenye ekari iliyochoka hubadilisha shamba zima. Wa pili husaidia, ila si kama wa kwanza. Ukiendelea kuongeza, unafika mahali ambapo mfuko mwingine haurudishi hata bei yake. Hiyo ndiyo faida inayopungua: unazidisha kitu kimoja, mengine yakibaki yalivyo, na kila nyongeza inakuletea kidogo kuliko iliyotangulia. Dhana yenyewe ilizaliwa shambani. Mwanauchumi Mfaransa Turgot aliieleza katika miaka ya 1760, kisha mwaka 1815 wanauchumi Malthus na Ricardo wakaitumia Uingereza katika mabishano ya bei ya nafaka na malipo ya kukodi ardhi.

Maneno "mengine yakibaki yalivyo" ndiyo yenye uzito. Kule Kakamega na Vihiga kuna mashamba yenye udongo wenye asidi nyingi, ambako kuongeza mbolea ya DAP hakusaidii sana mpaka udongo utiwe chokaa. Kinachomzuia mkulima huyo si uchache wa mbolea.

Nimechagua kuieleza dhana hii kwa bunduki za kuwindia kwa sababu ubora wake mkuu, yaani usahihi, unapimika kwa rula. Kenya uwindaji ulipigwa marufuku mwaka 1977, na raia hamiliki bunduki bila leseni, kwa hiyo vijana wa Nakuru wanaobishana kuhusu bunduki gani ni bora huwa wameziona kwenye video za Wamarekani. Huko Marekani, bunduki kama Savage Axis au Ruger American huuzwa kwa dola mia kadhaa. Ile inayoundwa na fundi moja moja, kwa oda, hufika dola elfu kadhaa. Je, ni bora mara kumi?

Usahihi hupimwa hivi: unaweka karatasi umbali wa mita 100, unapiga risasi kadhaa ukilenga nukta ileile, halafu unapima matundu mawili yaliyoachana zaidi. Wapigaji husema kwa dakika za pembe. Dakika moja ni sehemu ya 60 ya digrii, na kwa mita 100 ni kama sentimita 2.9. Kuna wakati bunduki ya kupiga ndani ya dakika moja ilihitaji mkono wa fundi stadi. Siku hizi nyingi za bei ya chini hufika hapo au karibu sana zikipata risasi zinazoziafiki, kwa kuwa mashine zinazoongozwa na kompyuta hukata chuma kwa kipimo kilekile kutoka asubuhi hadi jioni. Savage nao wana ujanja wao wa tangu bunduki yao ya 110 ya mwaka 1958: mtutu hukazwa kwa nati, hivyo kipimo cha chemba, yaani pale risasi inapokaa, hurekebishwa wakati wa kuunganisha bila fundi kukaa akiusugua mtutu.

Tuseme basi umelipa pesa nyingi ukashuka kutoka dakika moja hadi nusu. Kwa mita 300, matundu yaliyokuwa yakitawanyika sentimita 9 sasa yanatawanyika sentimita 4 na nusu. Mahali pa moyo na mapafu ya kulungu ni kama upana wa sahani, sentimita 20 hivi. Bunduki zote mbili zinaingia humo. Anayekosa amekoseshwa na upepo, pumzi au kidole kilichovuta kifyatulio kwa pupa. Mpe mtu huyohuyo mashindano ya mita 1,000, ambako nusu dakika ni tofauti ya sentimita 14 na nusu, na pesa ileile inakuwa imetumika vizuri kabisa.

Tahadhari na picha za matundu matatu yaliyobanana. Risasi tatu karibu kila mara huonyesha mtawanyiko mdogo kuliko kumi zinazotoka kwenye mtutu uleule. Anayetaka ukweli apige kumi.

Kusema bei ya juu ni ya majina tu ni kosa, na watu huliruka jambo hili haraka mno. Chukua bunduki ya bei nafuu ambayo kitako chake, yaani mwili unaobeba mtutu, ni cha plastiki nyembamba, upitishe noti kati ya kitako na mtutu: inapita bila kushikwa. Sasa egemeza sehemu ya mbele kwa nguvu kwenye mfuko wa mchanga ujaribu tena. Mara nyingi noti inakwama. Plastiki imepinda ikagusa mtutu, na risasi inayofuata haitaenda ilikokwenda ya kwanza. Kitako kigumu hakifanyi hivyo. Pesa pia hununua bolti (chuma kinachoingiza risasi chembani) isiyokwama, kifyatulio chepesi chenye mvuto usiobadilika, chuma kinachostahimili mvua. Askari wa wanyamapori anayelinda vifaru pale Ziwa Nakuru anahitaji silaha inayofyatuka kila mara kuliko silaha inayobananisha matundu, na hapo mimi singebania hata senti.

Kwa mwindaji wa kawaida wa huko Marekani mwenye dola 1,500, mimi ningemwambia anunue bunduki ya dola 500 au 600, atoe kiasi kama hicho kwa darubini nzuri ya kulengea na vishikio vyake, kisha zote zinazobaki aziweke kwenye risasi za mazoezi. Darubini yenye ukungu alfajiri inamzuia kuliko mtutu. Akishapiga mpaka bunduki yenyewe ndiyo inamrudisha nyuma, wala si mikono yake, hapo aende kwa fundi.