"Nimeshamfuta, mbona bado anatokea?"

Wiki iliyopita nimepigiwa simu tatu, swali moja. Ya tatu ilinikuta kwenye daladala ya Mbagala, nimesimama, mkono mmoja umeshika bomba: "Fundi, yule meneja aliyeacha kazi si tulimfuta jana ukiwa hapa hapa? Leo naandika herufi mbili tu, huyo! Hii mashine ina mizimu."

Haina mizimu. Ni programu ya barua pepe inayokumbuka anwani na kuzipendekeza ukianza kuandika. Naliandika hili mara moja ili akipiga wa nne nimtumie asome.

Dhana: ukimfuta mtu kwenye kontakti, pendekezo lake linaondoka

Hii ndiyo inayonimaliza. Kontakti ni daftari: unaandika mwenyewe, unafuta mwenyewe. Yale majina yanayoshuka ukianza kuandika kwenye To ni kitu kingine kabisa. Ni kumbukumbu ya programu yenyewe, na humo inaingia kila anwani uliyowahi kuitumia barua, uwe uliisevu au hukuisevu, uwe uliiandika sawasawa au uliikosea. Mhasibu mmoja aliwahi kuandika "gmail.con" siku akiwa na haraka. Barua ikarudi, akaituma upya kwa anwani sahihi, akasahau. Programu haikusahau. Zikawa zinakaa mbili, moja juu ya nyingine, jina lile lile, na kwa jicho la saa kumi na moja jioni n na m hazina tofauti. Kila akiibofya ile mbovu, programu inaona anaipenda, inaipandisha juu.

Kwa hiyo unafuta pale pale inapotokea. Kwenye Outlook ya zamani ya Windows, ile iliyojaa maofisini, fungua barua mpya, andika herufi za kwanza, orodha ikishuka USIBOFYE jina. Shuka nalo kwa kishale cha kibodi mpaka liwekewe rangi, halafu bonyeza Delete. Au bofya ile X ndogo pembeni yake. Haikuulizi kama una uhakika. Sekunde tano, hakuna hata haja ya kunipigia. Mtu akiwa kwenye kontakti pia, mtoe kote kuwili.

Gmail haina hiyo X, na hapo ndipo watu wanapokata tamaa. Fungua Google Contacts, tafuta sehemu inayoitwa Other contacts. Wengi hawajawahi kuiona, na ndimo Gmail inamorundika watu uliowaandikia bila kukuuliza. Futa humo. Ukitaka iache kabisa hiyo tabia, nenda kwenye mipangilio ya Gmail, ukurasa wa General, uchague I'll add contacts myself. La sivyo utafuta leo, utamwandikia tena kesho, keshokutwa utaniambia mizimu imerudi.

Thunderbird inawaweka kwenye kitabu kiitwacho Collected Addresses. Kwenye programu ya Mail ya Mac, menyu ya Window ina Previous Recipients. Kwenye iPhone, jina likitokea gusa kile kiduara chenye i, kisha Remove from Recents. Na tafadhali: ukifuta kwenye Outlook ya laptopu, hujagusa kumbukumbu ya programu ya barua iliyo kwenye simu. Kila programu ina yake.

Kuna kesi moja tu ambayo hapa una haki ya kuniita. Kama ofisi yenu ina saraka ya wafanyakazi (orodha ya pamoja ya anwani) na aliyeondoka bado yumo, atatokea kwa kila mtu, na wewe huna mamlaka ya kumtoa. Hiyo ni kazi ya msimamizi wa mfumo.

Sasa ushauri wangu, ambao hausikilizwi: kaa mbali na kitufe cha Outlook kilichoandikwa Empty Auto-Complete List. Kinafuta orodha yote, na kwa kawaida hiyo orodha inabeba mpaka anwani 1,000. Nimewahi kumkuta dada wa mapokezi amekibonyeza kwa sababu ya jina moja. Asubuhi yake hakuwa na anwani ya mteja hata mmoja, maana miaka yote hakuwahi kusevu kontakti. Alikuwa anaandika herufi mbili na kubofya. Tulishinda siku nzima tukichimbua anwani kwenye barua zilizotumwa.

Dhana: ukifuta pendekezo unafuta na barua zake

Hapana. Barua zipo pale pale. Tuendelee.

Dhana: piga Windows upya, itaisha

Unaweza kupiga Windows mara saba. Tangu Outlook ya 2010, kama ofisi iko kwenye Exchange (seva ya barua ya Microsoft), orodha inatunzwa ndani ya sanduku la barua lenyewe, kwa hiyo ukiingia kwenye kompyuta mpya inakufuata. Wanaokuambia utafute faili la NK2, ambamo orodha ilikaa zamani, wanakumbuka Outlook ya 2007 na zilizotangulia. Na kusafisha historia ya kivinjari hakusaidii Gmail, maana hivyo vitu viko kwenye akaunti yako ya Google.

Dhana: anwani ni ile ile, kwa hiyo pendekezo ni zima

Mfanyakazi kaacha kazi, akaunti ikafutwa. Miezi sita baadaye karudi, katengenezewa akaunti mpya yenye anwani ile ile, herufi kwa herufi. Watu wa nje wakimwandikia, anapata. Wenzake wa meza ya pili wakimwandikia, barua inarudi na ujumbe wenye takataka ndefu inayoanza na IMCEAEX. Wote wanalaumu seva. Kumbe ndani ya Exchange pendekezo la mtu wa ofisini halikuhifadhi anwani unayoiona. Lilihifadhi kitambulisho cha ndani cha akaunti ile ya zamani, ambayo haipo tena. Futa pendekezo, andika anwani yote kwa mkono, barua inafika. Msimamizi naye anaweza kukiongeza kile kitambulisho cha zamani kwenye akaunti mpya kama anwani ya X500, wote wakapona kwa mara moja.

Dhana: anwani iliyokufa haina madhara, barua itarudi tu

Nani kakuambia imekufa? Mwaka 2013 Yahoo waligawa upya majina ya akaunti zilizolala zaidi ya mwaka, na baadhi ya waliopewa wakaanza kupokea barua za wenyewe wa zamani. Domeni ya kampuni (lile jina linalofuata @) isipolipiwa, atakayeinunua anaweza kupokea kila kinachotumwa huko. Na usitegemee kuirudisha barua: Recall ya Outlook inafanya kazi ndani ya ofisi moja tu, na Undo ya Gmail mwisho wake ni sekunde 30.

Ofisi moja ninayoihudumia ilituma bei za zabuni kwa aliyekuwa ofisa manunuzi wao, kwenye anwani yake binafsi iliyobaki kwenye mapendekezo. Alikuwa ameshahamia kwa washindani wao. Barua haikurudi. Kilichorudi ni jibu lake, mstari mmoja: "Nimepokea, asanteni sana."