Maana ya torppari katika riwaya ya Väinö Linna

Torppari ni neno la Kifini linalomtaja mkulima aliyelima kipande cha ardhi ya mtu mwingine na kulipa pango, si kwa fedha au mazao peke yake, bali hasa kwa siku za kazi katika shamba la mwenye ardhi. Kipande hicho, pamoja na nyumba iliyojengwa juu yake, kiliitwa torppa. Mkataba, ambao mara nyingi ulikuwa wa mdomo tu, ulipanga ni siku ngapi mkulima angekuja kwa miguu na ngapi angekuja na farasi wake. Na kwa kuwa mavuno ya kaskazini hayana subira, nafaka yake mwenyewe ilibaki kondeni huku akivuna ya bwana.

Torppari hakuwa mtwana, maana kisheria alikuwa mtu huru, wala hakuwa kibarua asiye na makazi. Udhaifu wake ulikuwa mahali pengine, na hapo ndipo penye kiini cha neno: aliigeuza nyika kuwa shamba kwa nguvu zake, lakini kila alipoistawisha ardhi alikuwa anaongeza thamani ya mali ya mwingine, ambaye angeweza kumwondoa.

Aliyelifanya neno hili liguse mioyo ya wasomaji ni Väinö Linna, mwandishi aliyezaliwa mwaka 1920 huko Urjala, Ufini, na kufariki mwaka 1992. Baba yake, aliyekuwa mchinjaji, alifariki Väinö akiwa bado mtoto. Mwaka 1938 alihamia Tampere kufanya kazi katika kiwanda cha nguo cha Finlayson, akapigana vitani dhidi ya Urusi ya Kisovieti, kisha akarudi kiwandani na kuandika baada ya saa za kazi. Riwaya yake ya vita, Tuntematon sotilas (Askari Asiyejulikana), ilitoka mwaka 1954. Humo yumo afisa mtulivu aitwaye Koskela, na ni ukoo wa huyo Koskela ambao Linna aliufuatilia kwa kurudi nyuma katika riwaya ya Täällä Pohjantähden alla (Hapa Chini ya Nyota ya Kaskazini), iliyotoka kwa sehemu tatu mwaka 1959, 1960 na 1962.

Riwaya hiyo inaanza na vitu viwili na mtu mmoja: kinamasi, jembe, na Jussi. Jussi Koskela anachimba mifereji, anakausha maji na kung'oa visiki katika ardhi ya usharika, akitegemea ruhusa ya mchungaji mzee. Anapokuja mchungaji mwingine, sehemu ya mashamba hayo inachukuliwa. Kwangu mimi, hakuna sheria wala takwimu inayoeleza maana ya torppari vizuri kuliko tukio hilo, kwa sababu msomaji ameshatoka jasho pamoja na Jussi kwa kurasa nyingi kabla ya kipimo kupita katikati ya shamba lake.

Mwanawe, Akseli, anaikumbuka dhuluma hiyo, anakuwa msoshalisti, na mwaka 1918 anaongoza kikosi cha Wekundu, yaani upande wa wasoshalisti, katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Ufini vilivyoua watu zaidi ya 36,000. Historia iliyoandikwa na washindi iliviita vita vya uhuru. Linna alionyesha kwamba wengi wa walioshindwa walikuwa wakidai ardhi na heshima, na sehemu ya pili ya riwaya ilizua mjadala mkali na wanahistoria.

Sheria iliyowaruhusu matorppari kununua mashamba yao ilipitishwa mwaka uleule wa 1918, baada ya vita. Akina Koskela nao wanaipata ardhi yao, wakati wadogo wawili wa Akseli wameshauawa.